Blanketi la Vifaranga

Jirani yetu wa pale Didia hakuwa mtu wa haraka, hata kipupwe kilipoingia na upepo wa mbugani ukaanza kuvuma tangu alfajiri. Kabla ya kuwatandikia vifaranga katika matenga yake mawili alichota pumba za mpunga, akazifinya kiganjani, kisha akazibandika shavuni. Zikiwa na unyevu hata kidogo, alizirudisha juani. Sisi wengine, kwa kuwa pamba tulilima wenyewe, tulitandika pamba, na asubuhi tukawakuta vifaranga wamezongwa miguu na nyuzi. Hakutucheka. Aliketi chini akawafungua mmoja mmoja kwa kucha, akiguna taratibu kama kuku anayeatamia.

Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Geita, asilete tena habari. Blanketi aliloliacha, mkewe alilianika kila Jumamosi, akalikunja upya, na hakuna aliyelilalia. Asubuhi moja ya baridi kali vifaranga walirundikana pembeni wakilia, wengine wameshakauka. Akalitoa lile blanketi, akalipasua katikati, akafunika matenga yote mawili.

“Mwenyewe akirudi je?” mama yangu akamwuliza.

“Atakuta kuku,” akasema, akaenda kuanika pumba.