Tulia na Kamera Isiyo na Kioo

Mume wangu ni mpiga picha, na wateja humwita Tulia kwa sababu hilo ndilo neno lake kabla ya kubonyeza. Miaka ishirini na sita ametumia kamera zenye kioo ndani, na hulenga kwa mkono, akizungusha lenzi polepole mpaka sura ikae sawa. Kuiachia mashine ilenge yenyewe, anasema, ni sawa na kutafuniwa chakula. Mimi hukaa mezani, napokea wateja na kukata picha za pasipoti, na nina mdomo, sikatai.

Mwaka huu picha zikaanza kurudishwa. Masikio yanaonekana vizuri, macho yana ukungu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye humpa Tulia kazi ya kuwapiga picha wanafunzi wote kila mwaka, alirudisha za darasa zima, akasema kwa upole kwamba zikiharibika tena atatafuta mtu mwingine. Tulia akailaumu lenzi. Nikamwambia asiyejua kucheza husema uwanja mbovu, akaninunia hadi jioni.

Binti yetu, naye mpiga picha, akaja na kamera yake mpya isiyo na kioo. Ukimwelekezea mtu, kijisanduku kinatua kwenye jicho lake na kulifuata hata akisogea. Mume wangu akanikalisha kwenye stuli. Kijisanduku kikaniruka, kikaenda kutua kwenye jicho la bibi harusi aliye pichani, ukutani nyuma yangu.

"Hata yenyewe inapenda vijana," akasema Tulia, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Binti akaishusha ile picha.

Tulia akaijaribu kamera kwa muda mrefu. "Kitu kizuri," akakiri. "Ila mahali pake ni kwenye kamera kama yangu. Kwa nini wasikiweke humo?"

"Kioo kinaziba, Baba. Kinakuletea wewe sura jichoni, huko nyuma yake kamera yenyewe iko gizani. Kioo kikiinuka, hapo hapo picha inapigwa."

"Kwa hiyo anayeona ni nani?"

"Kwenye yako? Ni wewe tu."

Mimi, na mdomo wote huu, nilikuwa nimeshamwona Tulia akipapasa ukuta kutafuta swichi mchana kweupe, nikanyamaza kwa sababu niliogopa. Mtu huyu bila kamera simjui.

Akanigeukia na kamera ile mpya, akasema "Tulia," akapiga. Binti akaikuza picha kwenye kompyuta, uso wangu ukajaa skrini nzima. Mume wangu akasogeza kiti, akaniangalia humo mpaka nikaona haya.

"Mama Watoto, nyusi zako zina mvi. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati ingawa ilikuwa safi. Kisha akamwuliza binti yake hospitali ya macho hufungua saa ngapi.