Firigisi ya Kampala

Desemba ile nilipomaliza darasa la nane, mathe alinipeleka Kampala. Nilidhani ni zawadi ya mtihani. Wapi! Alikuwa anaenda kwa dada yake mkubwa, ambaye mathe hakuwahi kukanyaga kwake tangu dada huyo aolewe na Mganda. Siku za harusi ile mathe alisema maneno mabaya juu ya bwana harusi, na yakawafikia. Kisha baba yetu akafariki, na huyo mama mkubwa akaja kwetu Buruburu, Nairobi, matangani, akalia kuliko sisi wafiwa wenyewe. Sasa ilikuwa zamu ya mathe kurudisha mguu, na aliogopa.

"Ukiniaibisha huko," aliniambia kwenye basi, "utarudi Nairobi kwa miguu."

"Na nikikuletea sifa, nitarudi na ndege?"

Alinifinya. Mpaka leo naweza kukuonyesha mahali.

Asubuhi mama mkubwa alitutembeza mjini. Niliona korongo wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya takataka kama walimu wa zamu wakingojea wachelewaji. Niliona watu wakipanda pikipiki za kulipia, mama mzima amekaa upande na mkungu wa ndizi mapajani, wakati kwetu pikipiki ilikuwa ya polisi na padri. Sokoni wanawake walikuwa wakinyofoa panzi mabawa. Senene, wanawaita. Niliapa siwezi kula mdudu, kisha nikamaliza konzi mbili. Nikafunga na wengine kwenye gazeti, nikawatishe maboyz wa mtaani.

Wale dada wawili walitembea mbele yangu wakiongea juu ya mvua tu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Mchana tuliketi mkekani. Mume wa mama mkubwa alikuwa mzee mnene aliyewahi kufanya kazi ya reli Nairobi, kwa hivyo Kiswahili alikijua. Matoke yakafunguliwa kutoka kwenye majani ya mgomba, mvuke ukapanda, mchuzi wa njugu ukafuata. Nikauliza ugali uko wapi.

"Ugali?" mama mkubwa akacheka. "Hapa hiyo ni posho. Ya shule na jela."

"Ndiyo maana nauliza, mama mkubwa. Mimi natoka shule."

Mathe akanikazia macho. Kisha kuku akaletwa.

Kwetu Waluhya firigisi si nyama, ni cheo. Ni ya mwenye nyumba. Baba alipoondoka, Jumapili ya kwanza ya kuku mathe aliiweka kwenye sahani yangu bila neno, nami nikala bila neno. Ikawa hivyo. Basi siku ile mkono wangu ulijiendea wenyewe. Firigisi ilikuwa tayari mdomoni nilipogundua kila mtu anamtazama mzee. Kumbe hata kwao!

"Sebo," mzee akaniita kwa heshima iliyoniogopesha zaidi, "nani alikufundisha kuchukua hiyo?"

"Nyumbani huwa napewa. Tangu baba..."

Nikaisukuma firigisi shavuni, sijui niimeze au niirudishe kwenye sahani.

Mathe akafunika uso. "Dada, nisameheni," akasema. "Wewe na shemeji."

Hakuna mtu pale mkekani aliyefikiri anazungumzia kuku.

Mama mkubwa akamshika mkono, asimwachilie. Mzee akakohoa.

"Tafuna, kijana. Lakini mla firigisi ndiye mwanamume wa nyumba. Kesho utanichinjia jogoo wangu, na yule jogoo ana kichaa."

Mathe akacheka. Akacheka mpaka kamasi, akimwegemea dada yake, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu matanga.

Kesho yake nilimkimbiza yule jogoo uani hadi nikapoteza ndara. Wao wawili walikaa mlangoni wakimenya ndizi kwenye beseni moja, wakinipigia kelele: mmoja "kushoto!", mwingine "kulia!", wote wakikosea.

Jogoo alishinda. Tukala mayai.