Mafuta ya Nazi kwenye Nyaya za Eskaveta

Nilipaka mafuta ya nazi. Watu wakiniuliza huwa nasema nilipaka "kilainishi", lakini yalikuwa mafuta ya nazi, tena yale mazuri mke wangu aliyojikamulia kwa ajili ya nywele zake. Huku kwetu Mchinga chumvi ya bahari inakula kila kitu na dawa yetu ni hiyo moja: kufuli likigoma, mafuta ya nazi, mnyororo wa baiskeli ukilia, mafuta ya nazi, mtoto akipauka, hayohayo. Kwa hiyo nilipoona plagi za umeme za eskaveta, ule mtambo wa kuchimba mitaro niliopewa kuutunza, zimeanza kuota kutu ya kijani, nikachukua chupa na kitambaa, nikapaka plagi pamoja na fungu zima la nyaya nyuma ya kiti cha opereta, huku napiga mluzi. Nilijiona mhandisi.

Biashara ilikuwa imeachiwa huru miaka kadhaa, simu za mkononi zimeanza kufika vijijini, kampuni za watu binafsi zikaanza kupata kazi za barabara, na mitambo ya mtumba kutoka Japani ikamiminika kama mashati ya mnadani. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, ufundi wa umeme wa magari nilioupata gereji moja pale Lindi, na tabia ya kutopenda kulala mbali na kitanda changu. Kampuni ilipokuja kuchimba mitaro kijijini kwetu niliomba kazi ya ufundi siku hiyohiyo. Ukikaa kwenye ule mtambo ulikuwa unasikia mwiko ukigonga sufuria jikoni kwangu. Kazi gani tena ningetaka?

Jumanne eskaveta ikachimba mtaro ukakata njia ya kuingia kwa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima asiyekopesha maneno. Kesho yake tulikuwa tupange makalvati ya zege, tufukie, njia irudi. Haraka ilikuwepo, maana Ijumaa alikuwa anamwozesha binti yake. Msafara wa bwana harusi ulikuwa unatoka Lindi kwa vibasi, na upande wa kiumeni walikuwa wameshaanza kunung'unika kuwa wanaoa mbali. Wakikuta shimo mlangoni wangeliita nuksi. Tena walikuwa wanakuja na mabibi ambao hata kizingiti huvushwa kwa mkono.

Jumatano asubuhi mtambo ukawaka, lakini mkono wake ukainuka kama mtu aliyeamshwa kula daku na hana njaa. Ukafika nusu, ukaganda. Kwenye skrini zikatokea namba, na chini yake mstari wa Kijapani.

"Inasemaje?" akauliza opereta, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akiniita "mwali" kwa vile sitoki nyumbani.

"Inasema kuna tatizo."

"Hilo hata mimi nimelisoma, na Kijapani sikijui."

Jirani akafika ukingoni mwa mtaro, upawa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njia yangu iko wapi?"

"Kesho, mama, inshallah."

"Hiyo inshallah ni ya Mungu au ya uvivu?"

Nikarudi kwenye skrini. Mitambo ile ina boksi moja la kompyuta linalosimamia injini, jingine linalosimamia pampu ya mafuta yanayosukuma mkono, na ile skrini. Vyote hivyo hupeana habari kupitia nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama kamba. Habari zikikatika, injini itanguruma lakini pampu haijui itoe nguvu kiasi gani, basi inatoa kidogo, kwa woga. Hayo niliyajua. Ila bila kupima chochote nikalihukumu boksi la pampu.

"Boksi limekufa," nikasema, kwa sauti ya daktari. "Liagizwe Dar. Wiki ijayo likiwahi."

Opereta akatazama uani kwa jirani, wanawake walikokuwa wakipepeta mchele wa shughuli. "Nenda ukamwambie, mwali. Mimi hapa mgeni."

Nikaona bora kupanda juu ya lundo la kifusi, mahali pekee penye mtandao, nikampigia fundi mmoja wa mitambo aliyeko Dar.

"Umepima?" akauliza.

"Nimeangalia."

"Sikukuuliza macho, nimeuliza mita. Toa waya wa betri, upime kati ya zile nyaya mbili. Kila mwisho una kizuizi cha umeme cha omu mia na ishirini, kwa hiyo vyote viwili pamoja, umeme ukigawana njia, mita isome nusu yake, kama sitini. Ikisoma mia na ishirini, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zinagusana mahali. Na hilo boksi uliache, halijakukosea."

Mita ikasoma karibu na sifuri. Nikachomoa plagi ya skrini, sifuri ileile. Nikachomoa boksi la pampu, halafu la injini. Sifuri haikutikisika. Basi maboksi yote yalikuwa mazima, na ugonjwa ulikuwa kwenye waya wenyewe. Alhamisi asubuhi tukang'oa kiti cha opereta tuufuate.

Opereta ndiye aliyeinama wa kwanza. Akanusa. Akanusa tena.

"Mwali, mbona nyaya hizi zinanukia kama kichwa cha bibi harusi?"

Nikaingiza mkono. Nyuma ya kiti palikuwa na kiota cha panya, kizuri, cha makumbi ya nazi, na mwenyewe akachomoka akapita juu ya mkono wangu. Alikuwa ameramba mafuta, halafu akatafuna na sahani yake: zile nyaya mbili zilikuwa uchi, zimekumbatiana. Opereta alicheka mpaka akakaa chini, akadai nimefungua mgahawa. Nikafuta mafuta yote, nikakata palipoliwa, nikaunga, nikasokota upya na kufunga tepu huku kojo la panya likinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikapima: sitini. Tulipowasha, namba zikafutika na mkono ukainuka kwa adabu.

Makalvati yalilala mtaroni siku hiyo. Ijumaa asubuhi tukafukia na kushindilia, na mimi nilikuwa bado nakanyaga udongo kwa buti wakati kibasi cha kwanza kilipokata kona. Kikapita. Cha pili kikapita, mabibi ndani wamekaa kama malkia, hakuna aliyejua kwamba asubuhi hiyohiyo pale palikuwa na shimo. Vigelegele vikapanda, nami nikavifuata hadi mlangoni kwa jirani, na ovaroli yangu ileile ya jana, nikisubiri kushukuriwa mbele ya watu. Jirani akanitazama toka juu hadi chini, sahani ya pilau mkononi.

"Njia nimeiona, ahsante. Ila unanuka panya na dizeli. Kaoge kwanza, ndiyo uje ukae na watu."