Gego la Mume Wangu

Mume wangu alianza kuumwa gego la chini kipindi kile wakimbizi walipojaa kwenye milima ya Ngara. Mwanzoni lilimchoma akinywa maji ya baridi tu, akawa anatafunia upande mmoja. Tulikuwa tunalima kijijini Mabawe. Nikimwambia aende zahanati, ananijibu, "Jino haliui mtu." Akajaza ugoro kwenye tundu, akashika jembe.

Aliteseka wiki nyingi. Kisha asubuhi moja aliamka anacheka: maumivu yamekwisha. Alitafuna mahindi ya kuchoma pande zote mbili, nami nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba jino lililooza likinyamaza ghafla hivyo, huenda limekufa, na uozo unashuka mfupani.

Mwezi haukuisha, shavu likavimba. Nilimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Uvimbe ukahamia chini ya kidevu, mgumu, ukateremka shingoni.

Siku hizo mama mmoja mkimbizi alikuwa akija kutulimia maharage, tukimpa ndizi. Kwao alikuwa muuguzi. Mume wangu hakumpenda, maana watu wa kambini walikuwa wamekata miti yake yote kwa kuni. Yule mama alipomwona anatemea mate kwenye kopo kwa kushindwa kumeza, aliweka jembe chini.

"Shikamoo, baba. Fungua kinywa nione."

Hakuitikia salamu, ila alijaribu kufungua. Meno hayakuachana hata upana wa kidole.

Akanigeukia mimi. "Mama, huu uvimbe si wa kungoja. Utaziba pumzi. Kambini kuna daktari, twende sasa hivi."

"Siendi kwa wezi wa miti," mume wangu alisema, sauti nzito kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Nikamsikiliza yeye. Nilisema tungoje kesho, pengine dawa ya majani itasaidia.

Kesho yake nilimkuta ameketi ameinama mbele, kwa sababu akilala hapati hewa. Hapo hakubisha tena. Tulimpakia kwenye baiskeli, kaka yake akiisukuma, mimi na yule mama tumemshika huku na huku. Kila mlima tulisimama ili avute pumzi.

Kambini, kwenye hema la matibabu, daktari alimpasua chini ya kidevu. Usaha ulitoka mwingi, hema zima likanuka. Akapumua, akatutambua. Alimtazama yule mama, akaweka kiganja kifuani, maana kusema hakuweza. Siku ya tatu homa ilipanda, akakata roho.

Yule mama alikaa nasi mpaka tulipoanua matanga. Jioni moja, tukichambua maharage, nilimuuliza, "Tungeenda siku ile uliyosema, angepona?"

"Huenda," akasema.

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike.