Blanketi Katikati ya Lori

Fanueli Yonathani Kibona wa Mbebe alikuwa mwana wa Yonathani, aliyebebeshwa mizigo ya vita vya Wajerumani mpaka watu wa nyumbani wakamlilia matanga, kisha akarudi kwa miguu yake. Babu yake Fanueli ndiye aliyefyeka msitu wa bondeni kwetu na kupanda migomba ya kwanza. Fanueli mwenyewe alikuwa mtu wa kwanza wa Mbebe kushika usukani. Huyo ni baba mkwe wangu. Zamani nisingethubutu kulitaja jina lake. Leo naliandika kwa sababu linastahili kuandikwa.

Lori aliloliendesha lilikuwa kuukuu la jeshi, mali ya tajiri mmoja wa Tunduma. Chini ya dashibodi palikuwa na sanduku la bati lenye feni. Maji ya moto ya injini yalipita mle, feni ikapuliza, na mpira mnene kama bomba ukapandisha hewa ya joto hadi chini ya kioo cha mbele. Bila hewa hiyo, milimani kwetu kioo hutoka jasho na dereva haoni kitu.

Masika ya mwaka 1953 mwanangu wa kwanza, Lusubilo, alishikwa na kifua. Mume wangu alikuwa Kopabeti, kwenye machimbo ya shaba ng’ambo ya mpaka. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, upande wa Mbozi, na lori lilikuwa linaondoka na kahawa kuelekea huko. Shida ikawa mahali pa kukaa. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hasemi naye, na akimwona njiani hujificha migombani. Nyuma ya lori kulikuwa na magunia na mvua. Basi mama mkwe wangu, Ketrina, akatundika blanketi katikati ya kebini, kati ya dereva na mimi. Juu alilifunga kwenye chuma cha paa, chini kwenye kitu alichokipapasa gizani chini ya dashibodi, akakaza fundo kama anafunga kuni.

“Sasa hakuna mdomo utakaosema kitu,” aliniambia. “Nesta, ukikohoa, kohoa polepole.”

Tulimwacha nyumbani, na tulipoanza kupanda mlima, ukungu ukashuka. Nilimsikia mzee akifuta kioo kwa kiganja. Anafuta, anafuta tena. Mwisho lori likasimama, likiwa limebana ukuta wa udongo upande wangu. Mlango wangu haukufunguka hata kidogo. Upande wa pili alikuwa yeye, na baada yake korongo. Nyuma hatuwezi, mbele hatuoni. Lusubilo alikuwa anavuta pumzi kwa mlio, mbavu zinaingia ndani, na mimi nimekaa kama kuku ndani ya tenga.

Mzee alizungumza na lori lake. “Feni inanguruma. Bomba la maji ni la moto. Mbona hapa kwenye kioo hakuna hewa? Unaipeleka wapi, mwizi wewe?”

Mimi nilijua inakokwenda. Miguu yangu ilikuwa inaungua. Niliinua shuka nililojifunika miguuni na kuona kuwa kitu alichokifunga mama mkwe ni ule mpira. Blanketi lilikuwa limeuvuta mpaka ukachomoka, na joto lote likawa linamwagika magotini kwangu. Nilijua, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Nikamtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

“Lusubilo,” nikasema, “mwambie babu, miguu ya mama yako inaungua.”

Upande wa pili mzee akaacha kufuta kioo. Kisha akakohoa.

“Lusubilo, mjukuu wangu, mwulize aliyekubeba, hewa inatokea wapi?”

“Mwambie babu, mpira umechomoka. Bibi yako ameufunga na blanketi.”

“Ketrina,” alisema, kama mtu aliyemjua mwizi wake. “Mwambie aurudishe juu, kwenye tundu chini ya kioo.”

“Mwambie babu haufiki. Fundo la chini limejikaza, na blanketi linauvuta toka juu.”

Mvua ilikuwa inapiga bati la paa. Tulijua wote wawili neno lililobaki, na kila mmoja alitaka mwenzake alibebe.

“Mtoto anapumuaje?” aliuliza, na safari hii hakumtaja Lusubilo.

“Vibaya, baba.”

“Fungua.”

Fundo la juu lilikataa vidole. Nililing’ata mpaka ufizi ukatoka damu, blanketi likaanguka. Nikajifunika kichwa na kugeukia ukuta wa udongo, nikasukuma mpira tunduni kwa mkono mmoja na kuushikilia hapo. Kioo kikaanza kuwa safi kwa chini, kisha kikafunguka. Mzee hakugeuza shingo mpaka tulipofika.

Masista walimpokea Lusubilo na kumtia sindano. Wiki moja nzima nililala chini ya kitanda chake. Mzee alipokuja kutuchukua, mtoto alikuwa ananyonya kwa nguvu. Alisimama nje ya dirisha la wodi, ametupa mgongo, kofia mkononi.

“Lusubilo,” alisema, “mwambie mama yako, kazi ya kufunga blanketi ni yake kuanzia leo, maana ameujua mpira. Na bibi yako atauliza kwa nini lilianguka. Jibu alitafute mama yako njiani. Mimi ni dereva tu.”