Mipapai Dume ya Kaka Deo

Nakumbuka siku moja, mwaka ule nilipomaliza shule, nilishika panga nikaingia kwenye kibanja cha kaka yangu Deo pale Nshamba, nikaiangusha mipapai yake dume yote miwili. Nilijiona nina akili. Kila msimu ilichanua maua yake marefu ya kuning'inia, papai hata moja haitoi, na pale chini palikuwa na nafasi nzuri ya mgomba.

Kaka aliporudi kutoka kanisani aliitazama imelala, akaingia ndani. Jua lilipokaribia kuzama akaniita tusimame karibu na mipapai jike. Alikuwa mtu wa kutazama vitu, kaka yangu. Mambo ambayo sisi wengine tunayapita mbio, yeye aliyawekea kiti. Akaniambia kwamba jioni nondo wanakuja kutafuta maji matamu, na kwenye ua la dume wanayapata. Ua la jike halina hata tone. Ila limefanana na mwenzake, na nondo aliyetoka kunywa kule, bado ana unga wa ua mwilini, anaingia humu kwa imani ileile. Anatoka bila kitu, na papai linatunga.

"Sasa umemkata aliyekuwa anawapa," alisema. "Huyu jike atamdanganya nani?"

Msimu ule maua ya jike yalipukutika yote. Mimi nilisikitikia mapapai tu.

Miaka michache baadaye nilikuwa nimepanga chumba Kashai, Bukoba mjini, nikampenda Anastazia, binti wa katekista mmoja wa Muleba. Kaka Deo ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Kijijini kwetu posa nyingi zilipita mkononi mwake. Akishasema kijana huyu ni safi, wazee hawakuulizana tena. Asubuhi ya kwenda ukweni akanivuta pembeni, akaniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua. Nikasema hakuna. Na kule Kashai kulikuwa na mwanamke niliyezaa naye, mtoto ameshaanza kutembea.

Kaka alisimama mbele ya wazee wale akanisemea. Baba wa binti akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu Deo, kama neno ni lako, sisi hatuna la kuchunguza." Tukatafuna kahawa pamoja, kama ilivyo desturi yetu, na mambo yakawa yamekwisha.

Wiki mbili kabla ya ndoa, yule mama wa mtoto alifika Muleba na mtoto mgongoni. Anastazia hakutaka kuniona tena, na sikumlaumu. Kaka alikwenda peke yake kuomba radhi. Aliporudi hakunigombeza. Aliketi, akavua viatu, akasema, "Nilidhani siku ile ya mipapai ulinielewa."

Tangu hapo hakuna aliyemwita tena kwenda kuposa. Kwenye sherehe alikaa nyuma na vijana, mtu aliyezoea kuketi mbele na wazee, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Afadhali angelalamika. Ameshafariki sasa, na mimi hadi leo nikialikwa kuketi mbele, naona aibu.

Mwanangu, wewe uliyepiga picha umeegemea gari la bosi wako ukaituma kwa binti wa watu, nakucheka kidogo, lakini sikutupii jiwe. Ua la mpapai halina kosa, ndivyo lilivyoumbwa. Wewe umepewa mdomo. Ukidanganya na watu wakakubali, usidhani ni ujanja wako. Wanamwamini mtu aliyewatendea haki kabla yako: baba yako, dada yako, kaka yako. Unaitumia imani yake, na siku mambo yakiharibika, yeye ndiye anayekatwa. Wewe utabaki umesimama, kama mimi nilivyobaki. Kwa hiyo kama kuna mtoto Kashai, sema kuna mtoto Kashai, na useme kabla mtu hajasimama kwa ajili yako.

Mungu akupe ndugu wa kukusemea mbele za watu. Na akulinde, mwanangu, ndugu huyo asije akarudi nyumbani, akavua viatu, akakwambia alidhani ulimwelewa.