Kompyuta Iliyotaka Kuamkia

Shirika la umma tulilofanyia kazi wote wawili lilipouzwa, mume wangu alirudi nyumbani na kompyuta chakavu ya ofisini, akatangaza kwamba kuanzia siku ile sisi ni kampuni. Kampuni ilikaa kwenye meza yetu ya chakula, pale mtaani kwetu Sekei. Sisi na watoto tukawa tunakula tumepakata sahani.

Mteja wetu wa kwanza, na wa pekee, alikuwa mama mmoja mtu mzima mwenye ofisi ya kutembeza wageni mbugani. Magari yalikuwa yanamchanganya. Mara gari moja limepangiwa wageni wa Momela na wa Ngorongoro siku ile ile, mara dereva yuko kwao Oldonyo Sambu huku wageni wanamsubiri hotelini. Alitaka programu ya kumwonyesha gari lipi linakwenda wapi kesho, basi. Alitupa muda mpaka msimu wa wageni uanze. Tukishindwa, angeagiza Nairobi. Hapo mume wangu angekwenda Dar kutafuta kazi, mimi nibaki na watoto. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Nilikuwa nalichukia begi lile.

Programu ndogo ya magari ilikamilika mapema, ikaenea kwenye disketi moja. Nikasema tuipeleke hivyo hivyo. Mume wangu alinitazama kama vile nimependekeza wakwe wapewe chai kavu.

"Hiyo inatia aibu," alisema. "Mama wa watu tumpe kitu kizima."

Kitu kizima kikaanza kunenepa. Kikaongezewa mishahara, vipuri, mvua, hata siku za kuzaliwa za madereva. Mwishoni akaona haifai mashine kuingia ofisi ya watu wazima bila salamu. Kwa hiyo ukiiwasha, inakuuliza mwaka uliozaliwa, ijue kama ikuamkie shikamoo au ikuambie mambo. Usipojibu, haifunguki.

"Baba watoto," nilimwambia, "umeiwekea mlinzi getini."

"Adabu ni adabu," akajibu, akaendelea kubonyeza.

Siku ya kuionyesha, mama aliwaita madereva wake wote. Wakajipanga nyuma ya kiti chake. Mashine ikawashwa, ikauliza mwaka. Mama akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mwanangu, hii inataka nini?"

"Mwaka uliozaliwa, mama. Ili ikuamkie."

Dereva mmoja akakohoa. Umri wa yule mama walikuwa wameubishania miaka mingi, bila mafanikio.

"Basi isiniamkie," alisema mama.

Mume wangu, jasho likimtoka, akaandika mwaka wake mwenyewe. Mashine ikafunguka kwa furaha, ikamwambia mama, kwa herufi kubwa: MAMBO.

Madereva walitazama dari. Mama akasukuma kiti nyuma, akasema taratibu kwamba atazungumza na watu wa Nairobi. Nikaliona begi kama vile liko pale mbele yangu.

Disketi ile ya programu ndogo ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaomba dakika chache, nikaiingiza. Programu ikafunguka bila salamu. Nikaanza kuingiza safari za kesho kutoka kwenye ubao wa ukutani. Nilipofika safari ya pili ya Momela, mashine ikagoma: gari hili tayari lina wageni. Mama akavaa tena miwani. Akageuka, akamtazama dereva wa gari lile, kisha akanitazama mimi.

"Hii mtaniachia leo leo," alisema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alipoingia ndani alilichukua begi, nikashika mlango. Akaliweka kitandani, akalifungua zipu, akaanza kutoa mashati.

"Toleo la pili litakuwa na salamu," alisema bila kunitazama.

"Liwaamkie wote shikamoo."

"Hata watoto?"

"Hata watoto."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Kisha nikayatundika mashati upesi upesi, kabla hajayaona yamejikunja na kutaka kwanza yapigwe pasi yote.